Debe la Tatu

Wazo lilikuwa langu. Watu wa kijijini kwetu wakisimulia habari ile humtaja mume wangu Alute, au Simeoni aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi, kwa sababu hawaamini kwamba mwanamke anaweza kuinamia ungo wake akatunga jambo kubwa namna ile. Waache. Nililitunga mimi, Sara, nikiwa na akili zangu timamu na tumbo tupu.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa sabini na tano. Miezi michache nyuma tulikuwa tumetolewa kwenye matembe yetu ya udongo kule Mungaa, kila mtu akaacha shamba lililoshiba samadi tangu enzi za babu yake, tukapangwa kando ya barabara kwa mistari iliyonyooka. Kijiji kikapewa jina la Mshikamano. Mvua ikanyesha mara mbili, ikasusa. Uwele tulioupanda kwenye udongo ule mgeni ulichungulia, ukaliona jua, ukanyauka. Ng'ombe wetu wakafa mmoja mmoja, na kufikia Januari zizi la Alute lilikuwa halina hata mavi mabichi.

Serikali haikututupa. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaopenda kuilaumu hata kwa makosa yao wenyewe. Mahindi ya njano yaliletwa kwa lori, na katibu wa kijiji, kijana wa Kinyiramba aitwaye Naftali, akapita na daftari kuandika kila kaya na kuipa kadi ya mgawo. Alikuwa mgeni, hakujua nani ni nani, lakini alikuwa mkweli, na mkweli mwenye daftari ni mtu wa kuogopwa. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Kaya ya watu watano au pungufu ilipata debe moja kila wiki mbili. Kaya ya watu sita na zaidi ilipata madebe mawili. Ukikosa kwenye foleni siku ya mgawo, umekosa.

Kwetu tulikuwa saba: Alute, mimi, wanangu watatu, na Luciana, mke mdogo, pamoja na binti yake Felista wa miaka minne. Watu saba, madebe mawili. Nilikuwa nachambua mahindi yale, nayatupa yaliyooza, hesabu ikanijia yenyewe. Luciana akiachika, atakuwa kaya peke yake, atapata debe lake. Sisi tutabaki sita, madebe yetu mawili hayaguswi. Madebe matatu katika chungu kimoja.

Nilimwambia Alute tukiwa watatu, Luciana anasikia.

"Na Felista?" Alute aliuliza.

"Felista anabaki kwangu. Akiandikwa na mama yake sisi tunakuwa watano, debe moja linakatwa. Hapo tutakuwa hatujafanya kitu."

Luciana alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mtu wa kucheka hata njaa ilipombana, na mimi aliniita dada tangu siku aliyoletwa. "Kwa hiyo dada unanitaliki wewe," alisema. Kisha akamtazama mtoto aliyekuwa amekaa chini akilamba vidole vyenye vumbi la pumba, akaacha kucheka, akasema sawa.

Haikuwa rahisi hivyo, maana Naftali alishasikia habari za kijiji cha pili ambako wanaume walitoa talaka kumi na mbili siku moja kabla ya mgawo. Alitangaza kwamba haandiki talaka ya mdomo. Anataka mashahidi, na anataka kuona ng'ombe wa mahari wakirudi. Yeye mwenyewe alizaliwa kati ya ng'ombe, alijua kwamba mtu wa huku anaweza kudanganya kwa jambo lolote ila mifugo.

Mashahidi tulikuwa nao. Nyumba kumi zetu zilishakuwa kitu kimoja. Antipasi alikuwa amemwandikisha mama yake, ambaye tulimzika Desemba. Nyumba ya tatu ilikuwa na watoto mapacha ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Simeoni balozi alituita akatuambia wazi kwamba njaa haiondolewi na mtu mmoja mmoja. Kila nyumba ifiche ya mwenzake, na atakayefungua mdomo tusimjue tena. Tulikubali wote. Nilimpenda Simeoni siku ile, na sijawahi kuona watu wakipatana vile, si kanisani, si msikitini.

Ng'ombe ndio walikuwa shida. Kwetu mwanamke aliyezaa akiachika, sehemu ya mahari hubaki kwa mume kwa sababu ya watoto, haihitaji kurudishwa. Lakini Luciana alipaswa kuonekana hana mtoto. Kwa hiyo kaka yake Stefano, kule Issuna, ilibidi alete mahari yote, ng'ombe wanne, ambao ndio pekee waliokuwa wamemsalimikia na ndio aliotaka kuolea mke. Alute alikwenda mwenyewe kumwomba. Alimwapia kwamba wiki mbili hazitapita kabla hajawarudisha kwa njia ya porini. Stefano akakubali kwa ajili ya dada yake na mpwa wake.

Siku ya talaka Stefano aliwaswaga ng'ombe katikati ya kijiji mchana kweupe, mbavu nje, mmoja wao ana mimba. Tukasimama mbele ya ofisi.

"Shikamoo mzee Alute," alisema Naftali.

"Marahaba."

"Huyu mama mnaachana kwa sababu gani?"

"Hazai."

Tulikuwa tumelipanga neno hilo, na Luciana alilijua. Lakini kulipanga ni jambo moja na kulisikia likisemwa mbele ya wanaume ni jingine. Alitazama chini. Mimi nilikuwa nimemshika Felista mkono, na wanangu watatu wamejipanga nyuma yangu.

Naftali aliuliza tena. "Hana mtoto hata mmoja? Nauliza kwa sababu ya sheria. Mtoto ambaye hajatimiza miaka saba ni wa kukaa na mama yake, na hapa kwangu ataandikwa kwenye kadi ya mama. Kama yupo, mama asiogope kusema. Hakuna wa kumnyang'anya nikiwa hapa."

Alisema hivyo hivyo. Sheria ilikuwepo, na mtu wa kuisimamia alikuwepo, ameshika kalamu.

"Hana," alisema Alute. "Hana," alisema Simeoni. "Hana," alisema Antipasi, na wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mtu, Stefano naye, akaweka dole gumba kwenye karatasi. "Na hawa wanne?" Naftali alinielekezea kalamu. Nikasema wote ni wangu.

Hapo Felista akaita, "Mama."

Tuligeuka wote wawili, mimi na Luciana. Nilimbana mkono mtoto mpaka akanyamaza. Naftali alikuwa ameinamia daftari, hakuona.

Kesho yake nyumba kumi zilimjengea Luciana kijumba mwisho wa mstari, kwa sababu kaya bila nyumba haikubaliki. Wanaume walikata miti, sisi tukakanda udongo, tukaimba. Kilikamilika jua halijazama. Luciana mwenyewe alikisifu, akasema kumbe kuachwa kuna faida zake, tukacheka naye. Mgawo uliofuata alipokea debe lake mikononi mwa Naftali, akaja kulimimina kwetu, tukala mara mbili kwa siku kwa siku nne mfululizo.

Wiki mbili zilipoisha, Stefano alikuja.

"Shemeji, nimefuata wale wageni wangu."

"Subiri kidogo," alisema Alute. "Katibu yuko macho. Akiona ng'ombe wanarudi, tumekwisha."

Siku ile ilikuwa kweli. Naftali alizunguka kila mahali. Lakini katika siku za kusubiri, yule ng'ombe mwenye mimba alizaa, na maziwa yakaanza. Si mengi, kibuyu kidogo asubuhi. Martha, mtoto wangu wa mwisho, ambaye nilishaanza kumzoea kama maiti, akapata mashavu. Alute naye alianza kutembea tena kama mtu mwenye zizi. Stefano aliporudi mara ya pili, mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake nje, hakunyanyuka.

"Nimefuata wageni," alisema Stefano.

"Wageni gani?"

Stefano alidhani anataniwa. Alute akamwambia taratibu, bila kupandisha sauti: "Ulinirudishia mahari yangu mbele ya serikali na mashahidi. Dole gumba lako liko ofisini. Dada yako yuko huru, mtafutie mtu mwingine."

Nilikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa mkononi. Neno langu moja lingetosha, maana Alute alikuwa ananisikiliza, hata hili lote lilitoka kwangu. Nilimtazama Martha. Nikaingia ndani.

Stefano alikwenda kwa dada yake, na tulimsikia kijiji kizima. Alimwambia yeye amebaki bila ng'ombe, bila mke na bila dada, na kwamba asikanyage Issuna kama hana ng'ombe wanne mbele yake. Akaondoka kwa miguu.

Mgawo uliofuata, Luciana hakuleta debe. Alikuja yeye mwenyewe, akasema anamtaka mtoto wake. Alute akamjibu kwamba kwenye daftari hana mtoto. Luciana akasema basi kesho atakwenda kwa Naftali amweleze kila kitu, amrudishie Felista, hata kama watamfunga.

Simeoni akaitisha nyumba kumi, na Luciana akasimamishwa katikati.

"Ukisema la kwako, atakuja kuuliza la kwangu," alisema Antipasi. "Nina wajukuu watano."

"Mimi nataka mwanangu," alisema Luciana. "Sitasema ya mtu mwingine."

"Hutasema wewe, litasema daftari," alisema Simeoni. Alikuwa mtu mpole, na alisema kwa upole wake ule ule. "Ukivutwa uzi mmoja, kadi zote zinafutwa. Watoto wa nyumba kumi wafe kwa ajili ya mmoja ambaye hata hajafa? Anakula, analala, yuko hatua sitini kutoka kwako. Sisi si tulikubaliana tuwe kitu kimoja?"

Luciana alizungusha macho akitafuta uso mmoja. Hawa ndio waliomjengea nyumba wakiimba. Kila mmoja alikuwa na huruma, naapa, wengine walikuwa na machozi. Kisha wakatawanyika.

Wanawake wakanituma mimi nikamalizane naye. Nilimkuta kijumbani amekaa sakafuni. Nikamwambia anyamaze tu mpaka mvua zijazo, kadi zikiisha atarudi kwake. Nikamwambia aendelee kuleta debe lake kwetu, na mimi nitahakikisha Felista anakula kabla ya wanangu.

"Apa kwa Martha," alisema.

Niliapa kwa Martha. Akaanza tena kuleta debe, lote, hata pumba hakubakiza. Yeye aliishi kwa mchicha wa porini na kwa kile tulichomkumbuka nacho.

Sikumnyima Felista. Nataka hilo lieleweke, maana nimelitafakari miaka mingi. Kila siku alikula. Nilimpa mwisho, basi. Ukiwa na sufuria na midomo minne, mkono unakwenda wenyewe kwa uliyemzaa, na ukifika kwa wa nne unakuta kijiko kinakwaruza chini. Maziwa yakigawanywa yalikwisha kabla yake. Nilijiambia kesho nitaanza na yeye. Nilijiambia hivyo Februari nzima.

Machi ikaingia surua. Kule Mungaa kila nyumba ilikuwa mbali na mwenzake, ugonjwa ulichoka njiani. Hapa ulipita mstari mzima kwa wiki moja. Wanangu waliugua, wakapona, walikuwa na kitu mwilini. Felista hakuwa nacho. Siku ya nne macho yalizibwa na usaha na alipumua kwa kelele.

Luciana alikuja asubuhi, akasimama mlangoni na khanga ya kumbebea mkononi.

"Nipe nimpeleke zahanati ya misheni. Wana dawa, na maziwa ya unga."

Alute akamzuia kwa mkono. "Zahanati wanaandika jina la mama na kijiji. Orodha inaletwa kwa katibu."

"Nitasema mimi ni shangazi."

"Naftali anakujua huna ndugu hapa."

Luciana alinitazama mimi, si yeye. "Dada," alisema.

"Nitampeleka mwenyewe," nilisema. "Mimi ndiye mama kwenye daftari, hawatauliza. Kesho kukicha."

Nilikuwa nimemaanisha. Lakini jioni ile lori likapita likipiga honi, na Simeoni akatangaza mgawo ni kesho. Kwenda zahanati na kurudi ni siku nzima. Alute alikuwa amekwenda kuchunga mbali ng'ombe wale, na kadi lazima iletwe na mtu mzima wa kaya. Madebe mawili, na tusipoyapata, wiki mbili mbele hakuna kitu. Nikasema kesho kutwa. Nilimwacha Felista kwa Marietha, binti yangu mkubwa wa miaka kumi, nikaenda kupanga foleni.

Luciana naye alikuwa kwenye foleni, watu saba mbele yangu. Alidhani nimekwenda na mtoto zahanati. Alipogeuka akaniona, akauliza kwa macho. Nikatikisa kichwa, maana yangu ni kwamba bado. Sijui alielewa nini. Hakutoka kwenye foleni, kwa sababu debe lile ndilo alilokuwa anamlishia mtoto, na mimi sikutoka. Jua lilitupiga tangu asubuhi mpaka saa tisa, mama wawili wa mtoto mmoja, kila mmoja na kadi yake.

Niliporudi Marietha alikuwa amekaa ukutani, miguu ameinyoosha, na Felista mapajani kwake. "Amelala," alisema. "Ameacha kupiga kelele."

Tulimzika kesho yake. Nyumba kumi zilikuja zote. Hakuna aliyekosa, wanaume wakachimba, wanawake wakapika uji. Luciana alikaa nje ya ua pamoja na majirani wa mbali, kwa sababu mtalaka hana nafasi ndani ya msiba wa aliyemwacha. Alikuja na bakuli la unga, rambirambi, kama jirani mwingine yeyote. Hakulia. Simeoni alikuwa amekwenda kumwonya alfajiri kwamba asilie kuliko wengine.

Naftali alikuja pia. Alivua kofia. Alisema amefarijika kuona watu wanavyoshikamana katika shida, kwamba jina la kijiji halikukosewa. Kisha akauliza, "Yupi hapa ni mama wa marehemu, nimpe pole?"

Nilisikia kuni zikipasuka chini ya chungu. Niliona mgongo wa Luciana nje ya ua ukinyooka, na nikajua kwamba akitamka sasa, hakuna wa kumlaumu. Alisubiri. Nadhani alitaka kuona kama nitaweza.

"Mimi," nilisema.

Naftali alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa na machozi, kijana wa watu. Akamvuta Alute kando, akamweleza kwa aibu kwamba hapendi kusema hili siku ya leo, lakini kaya sasa ina watu watano, na kuanzia mgawo ujao ni debe moja.

Ikabaki kazi ya kunyoa. Kwetu mama aliyefiwa hunyolewa kichwa kabla watu hawajatawanyika, na anayemnyoa hatakiwi kuwa wa ukoo wala mke wa ukoo. Lazima awe mtu wa nje, asiye na damu wala mahari ndani ya nyumba hiyo. Wanawake wakatazamana. Nyumba zote zile zilikuwa za ukoo mmoja, tulihamishwa pamoja. Bibi mmoja mzee wa nyumba ya saba, ambaye akili yake ilishaanza kuchoka na hakukumbuka tena nini kilikuwa cha kweli na nini cha daftari, akanyoosha kidole nje ya ua.

"Si yule pale? Mahari yake ilirudi. Yule ni mtu wa nje."

Hakuna aliyeweza kumpinga, Naftali amesimama pale pale. Wakamwita Luciana. Alinawa mikono. Akapewa wembe na kibakuli cha maji, akakaa kwenye kigoda nyuma yangu, nami chini, kichwa changu kati ya magoti yake.

Nilingoja anikate. Nilitaka anikate, ukweli ndio huo, nilijua kila mshipa uko wapi. Alinyoa taratibu, kutoka paji la uso kwenda nyuma, akishika sikio langu kwa vidole viwili ili asije akalijeruhi. Nywele zilianguka mapajani mwangu. Mara moja tu mkono wake ulisimama, nikasikia pumzi yake kisogoni, kisha ukaendelea. Hakuniachia hata mkwaruzo.

Alipomaliza alinipangusa kichwa kwa kiganja, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Pole, mama Felista."

Katibu alikuwa ananitazama. Nyumba kumi zilikuwa zinanitazama.

"Nimeshapoa," nilijibu.